PLA na PBAT kwa kitambaa cha viriba vya miche: nyuzi zinakatika, kitambaa kinasinyaa kwenye rola

kiriba_dsm

Wakuu, habari za kazi. Tuna mtambo mdogo hapa Chang'ombe wa kutengeneza kitambaa kisichofumwa. Ni ule unaoyeyusha plastiki, kuisukuma kwenye sahani ya matundu, kuvuta nyuzi kwa hewa hadi kwenye mkanda, kisha kuzibana kwa rola za moto. Kwa PP (polipropilini, plastiki ya kawaida) unakwenda vizuri. Sasa tunataka kitambaa kinachooza kwa ajili ya viriba vya miche, ili mkulima apande mche na kiriba chake bila kukichana.

Tumeanza na PLA (plastiki inayooza, kakamavu) asilimia 60 na PBAT (nayo inaoza, ila laini) asilimia 40. PLA ni daraja la nyuzi, MFR (wepesi wa kutiririka ikiyeyuka) 20 (210 °C, kilo 2.16). PBAT ni ile ya kutengenezea filamu ya mifuko, MFR 4 (190 °C, kilo 2.16). Punje tunazichanganya kwenye pipa, tunazikausha pamoja kwenye oveni ya hewa moto 80 °C kwa muda wa saa 4, kisha zinaingia kwenye hopa. Ekstruda ni ya skrubu moja, milimita 45, urefu mara 30 ya kipenyo. Kuna chujio, pampu ya gia, na sahani yenye matundu 600 ya milimita 0.4. Tunatoa kilo 18 kwa saa. Joto linapanda kutoka 180 hadi 240 °C kwenye sahani.

Yanayotokea: nyuzi zinakatika na kudondosha matone magumu kwenye mkanda. Presha kabla ya pampu inapanda na kushuka. Nyuzi nyingine zinashikana njiani na kuwa vishungi. Rola zikiwa 135 °C kitambaa kinasinyaa upana kutoka sentimita 60 hadi 47 na kinakuwa kikavu kama karatasi. Pia kuna moshi wenye harufu inayochoma macho. Kwa darubini kipenyo cha nyuzi ni mikromita 21 kwa wastani.

Tumeshauriwa kuongeza kirefusha minyororo cha epoksi (kiongezo kinachounganisha minyororo ya molekuli) asilimia 0.5. Tuanzie wapi?

---

Fundi_Skrubu

Mkuu, anza na unyevu kabla ya kugusa kitu kingine. Kukatika, matone na sehemu ya ule moshi vyote vinaweza kutoka hapo.

PLA na PBAT zote ni poliesta. Molekuli moja ya maji ikiingia nayo kwenye silinda ya moto inaweza kukata mnyororo mmoja mahali pamoja. Chukua kilo 1 ya PLA yenye uzito wa molekuli wa wastani wa 70,000. Humo mna moli 0.0143 za minyororo. Maji ya 1000 ppm (sehemu kwa milioni) ni gramu 1 kwa kilo, sawa na moli 0.0556. Yakikata yote, idadi ya minyororo inafika karibu moli 0.07 na uzito wa wastani unaanguka hadi 14,000 hivi. Hiyo haivutiki tena kuwa uzi. Kwa 250 ppm, kiwango kinachovumilika kwenye kazi za moldi, bado uzito unaweza kushuka karibu nusu. Kwa 50 ppm unabaki na 58,000 na ushei. Si maji yote yanapata muda wa kukata, lakini hesabu inakuonyesha kwa nini watu wa nyuzi hulenga 50 ppm au chini.

Sasa tazama oveni yako. Hewa ya Dar ya 30 °C yenye unyevu wa asilimia 80 ina kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji) cha 26 °C. Ukiipasha hadi 80 °C, unyevu wake wa uwiano unashuka hadi asilimia 7 hivi, lakini maji yenyewe hayajaondoka, yamo humohumo. Punje haiwezi kuwa kavu kuliko hewa inayoizunguka inavyoruhusu, hata uiache oveni mpaka kesho. Tena PLA ikikaa muda mrefu kwenye joto lenye mvuke inaanza kukatika ikiwa bado punje. Unachohitaji ni draya ya desikanti (kitu kinachonyonya unyevu) yenye hewa ya kiwango cha umande −40 °C, au draya ya vakyumu.

Usizikaushe pamoja. PLA ambayo tayari ina fuwele (molekuli zimejipanga; punje ni nyeupe, si angavu kama kioo) inakwenda 80 °C kwa saa 4 hadi 6. PBAT iweke 60 hadi 65 °C kwa muda huohuo. Ukiipeleka 80 °C inalainika, na punje za chini zinashikana kwa uzito wa zile za juu. Nadhani hapo ndipo presha yako inapoyumba: mabonge yanaingia kwenye koo la skrubu, mara plastiki inajaa, mara inapungua.

Kavu ikishapatikana ilindwe. Mfuko wa foili ufunguliwe wakati wa kumimina tu, na kilichobaki kibanwe kwa joto siku hiyohiyo. Hopa iwe na mfuniko na ipitishiwe hewa kavu. Punje iliyotoka kwenye draya ikaachwa wazi kwa hali ya hewa yetu inaanza kunyonya maji palepale.

Kipimo cha uhakika ni Karl Fischer, kile cha maabara cha kupima kiasi cha maji. Kama huna, weka punje tano kati ya vioo viwili vya maabara juu ya sahani ya moto ya 220 °C, ubonyeze hadi zitandazike. Ukiona viputo, ni maji. Kutoona viputo hakukuhakikishii 50 ppm, ila kunakuepusha na makosa makubwa. Kisha linganisha MFR ya punje mpya na ya plastiki inayotoka kwenye sahani. Hicho kipande cha kupima nacho kikaushwe kwanza, la sivyo kitakatika ndani ya mashine ya kupimia na utalaumu ekstruda bure.

Moshi unaochoma macho ni laktidi, PLA inarudi kwenye asili yake. Ukifuta vyuma vya njia ya hewa karibu na sahani utakuta unga mweupe. Shusha sahani hadi 220 au 225 °C na uweke kifyonza moshi juu yake. Wafanyakazi wasivute hewa hiyo.

---

polima_mlimani

Fundi ameanza panapostahili. Lakini hata punje zikiwa kavu kabisa, 60/40 yenyewe itaendelea kukusumbua. Hayo ni mapishi ya filamu. Filamu inataka puto linalovutika bila kupasuka, kwa hiyo watu huweka PBAT nyingi. Uzi unataka kuvutwa kwa kasi kubwa sana ndani ya sehemu ndogo ya sekunde na kuganda haraka. Ni mahitaji mawili tofauti.

PLA na PBAT haziyeyukani moja ndani ya nyingine, zinabaki awamu mbili. PBAT ikiwa kidogo inakuwa matone ndani ya PLA, na uzi ukivutwa yale matone yanarefuka kuwa vijiti vyembamba. Hiyo ni hali nzuri. Ukifika 40 unakaribia mahali ambapo kila awamu inataka kuwa mwenyeji wa nyingine, na uzi mmoja unatoka na sehemu za PLA tupu na sehemu za PBAT tupu. Zile za PBAT zinaganda polepole, na ndizo zinazonata na kukupa vishungi.

Ukubwa wa tone ndio kila kitu. Kwenye uzi wa mikromita 15, tone la mikromita 5 ni theluthi ya kipenyo, na hapo ndipo uzi unapokatika. Lenga chini ya mikromita 1. Ili tone lipasuke, mnato wake usizidi sana mnato wa plastiki inayolizunguka. Uwiano wa 1 au chini kidogo ni mzuri. Ukizidi 4 hivi, katika mkondo wa kawaida wa skrubu tone linazunguka tu bila kupasuka. PBAT ya filamu ni nzito kwa PLA ya nyuzi, na unyevu unaongeza tatizo: uzito wa molekuli wa PLA ukishuka nusu, mnato wake unashuka karibu mara kumi. PBAT nayo hukatwa na maji, ila si lazima kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo kila shehena yenye unyevu tofauti inakupa mchanganyiko tofauti hata kama mizani inasoma vilevile.

Ningeanza na 85/15, kisha 80/20. Kuvuka 30 nisingekwenda bila sababu maalumu. Watu huongeza PBAT kwa kuogopa ukavu wa PLA, lakini ukavu huo unaonekana zaidi kwenye kitu kinene. Uzi wa mikromita 12 uliovutwa vizuri unapindika bila shida hata ukiwa PLA tupu. Kitambaa chako ni kikavu kwa sababu ya kusinyaa, na naona wadau wa rola watalieleza hilo vizuri kuliko mimi.

Fikiria pia PBS, poliesta nyingine inayooza, badala ya PBAT. Inayeyuka karibu 115 °C, inaganda kwa kasi zaidi na hainati kama PBAT, na zipo daraja zenye MFR ya 20 hivi kwa 190 °C ambazo mnato wake unaendana na PLA yako. 85/15 ya PLA na PBS ningeijaribu sambamba na ile ya PBAT.

Kuhusu kuchanganya: pipa na skrubu moja havitoshi. Inatakiwa ekstruda ya skrubu mbili zinazozunguka upande mmoja, urefu mara 40 ya kipenyo, joto 170 hadi 190 °C, mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika, na tundu la vakyumu karibu na mwisho.

Tahadhari moja ambayo imeharibia watu wengi draya. Punje zinazotoka kwenye skrubu mbili zimepozwa ghafla, PLA iliyomo haina fuwele. Ukizipeleka 80 °C zinalainika zikifika 55 hadi 60 na hopa nzima inakuwa bonge moja. Zifanye fuwele kwanza kwenye tangi lenye mkono wa kukoroga, 85 hadi 90 °C, mpaka ukichukua za moto ukazibana mkononi kwa glavu hazigandani. Usitegemee rangi. PLA tupu hugeuka nyeupe ikipata fuwele, lakini mchanganyiko wenye PBAT ni mweupe tangu mwanzo. Kama huna tangi, tumia vakyumu 50 °C kwa saa 12 au zaidi.

---

Filamu_Mbagala

Mimi natoka upande wa filamu. Kirefusha cha epoksi asilimia 0.3 hadi 0.5 kinasaidia sana PLA na PBAT: puto linatulia, MFR inashuka, na awamu mbili zinashikana vizuri. Sioni kwa nini kwenye nyuzi kisisaidie, hasa kama minyororo imeshakatwa na maji.

---

polima_mlimani

Kwenye filamu uko sahihi kabisa, kaka. Kirefusha hicho hushika ncha za minyororo ya PLA na PBAT pamoja, na minyororo iliyounganishwa inakaa mpakani na kuzuia matone yasirudi kuungana. Tatizo la nyuzi ni kwamba kila molekuli yake ina mikono mingi. Inatengeneza matawi, na ikizidi inatengeneza jeli. Filamu ya mikromita 25 inaweza kumeza jeli ndogo, ukaona doa tu. Uzi wa mikromita 12 utakatika hapohapo. Plastiki yenye matawi pia inavutika kama mpira: inavimba ikitoka tunduni na inakataa kunyooka kwa kasi kubwa.

Kingine ni muda. Mmenyuko unahitaji dakika moja hadi mbili kwenye 200 °C ili umalizike. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye ekstruda ya kusokotea, sehemu inaendelea kumenyuka ndani ya chujio na sahani. Presha itapanda siku nzima na utabadilisha chujio mara kwa mara.

kiriba_dsm, kama ni lazima, weka 0.1, isizidi 0.2, na iwe kwenye hatua ya skrubu mbili tu. Kukitumia kutibu unyevu ni kutengeneza matawi mahali pa minyororo mirefu iliyopotea. MFR itarudi kwenye namba yako ya zamani, uzi hautarudi.

---

kiriba_dsm

Shukrani sana wakuu. Skrubu mbili hatuna. Draya ya desikanti tunaweza kupata, hopa yake ni ya kilo 25. Itatosha? Na kuna njia ya kuchanganya kwa skrubu moja?

---

Fundi_Skrubu

Kilo 25 haitoshi kwa kasi yako. Hopa ya draya inapimwa kwa kuzidisha kilo kwa saa na saa za kukausha. Kilo 18 mara saa 5 ni kilo 90. Ukiwa na 25, punje zinakaa humo chini ya saa moja na nusu kisha zinamezwa na skrubu zikiwa bado mbichi. Tafuta ya kilo 100, au kausha kwa mafungu, funga kwenye mifuko ya foili ikiwa bado na joto, na utumie hopa ya 25 kuilinda tu isinyonye maji. Hesabu hii muuzaji wa draya hatakufanyia, yeye anauza hopa.

Kuchanganya: mpelekee kazi hiyo mwenye skrubu mbili. Wanaotengeneza masterbachi ya rangi (punje zenye rangi iliyokolea) wanazo. Kubaliana naye mambo matatu kwa maandishi: aondoe masalia ya PE (politheni) na PP kwenye mashine kwa kupitisha PLA tupu kabla ya kuanza, akaushe zote mbili kabla ya kuchanganya, na tundu la vakyumu lifanye kazi. Masalia ya PE hayachanganyiki na PLA kabisa, yanatoka kama mistari na uzi unakatikia hapo.

Kwa skrubu moja unaweza kuongeza sehemu ya kuchanganyia kwenye ncha ya skrubu na kichanganyio tuli kati ya pampu na sahani. Vinasawazisha joto na kusambaza, havivunji matone mazito. Kwa PBS yenye mnato unaolingana na PLA, kwa 10 hadi 15, vinaweza kukufikisha mahali pazuri. Kwa PBAT ya filamu, hapana.

---

Mzee_wa_Rola

Vijana mmefanya kazi nzuri upande wa plastiki. Mimi nizungumzie nyuzi zenyewe, maana kusinyaa kwa sentimita 13 kati ya 60 hakutokani na unyevu peke yake.

Mwanangu, namba zako zinatosha kukuambia tatizo. Kilo 18 kwa saa kwa matundu 600 ni gramu 0.5 kwa dakika kwa kila tundu. Kwa ujazo, plastiki hii ikiwa gramu 1.25 kwa sentimita ya ujazo, ni sentimita za ujazo 0.4 kwa dakika. Uzi wa mikromita 21 una eneo la sentimita za mraba 0.00000346. Gawanya, unapata kama mita 1,150 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi halisi ya nyuzi zako, hata kama feni inanguruma vipi.

PLA iliyovutwa kwa kasi hiyo imenyooshwa kidogo lakini haijapata fuwele za kuishikilia. Ikikutana na rola ya 135 °C inajirudi. PP hupata fuwele hata kwa kasi ndogo, ndiyo maana mtambo uleule haukukuonyesha tatizo. Kwa PLA unahitaji zaidi ya mita 3,000 kwa dakika ili fuwele zijijenge kwenye uzi wenyewe wakati unavutwa. Kwa gramu 0.5, mita 3,000 ni uzi wa mikromita 13. Kwa hiyo darubini ndiyo spidomita yako: ukiona 13 umefika, ukiona 18 bado uko mita 1,500 hivi.

Ongeza presha ya hewa ya kuvuta kadiri mtambo unavyoruhusu. Punguza mtoko hadi gramu 0.3 kwa tundu, kama kilo 10.8 kwa saa, maana uzi mwembamba hewa inaukamata kwa nguvu zaidi ukilinganisha na uzito wake. Kwa mtoko huo mita 3,000 ni mikromita 10. Usipunguze ghafla, nenda kwa 0.05, kwa sababu plastiki ikikaa muda mrefu kwenye silinda nayo inaungua. Hapo pia hopa ya draya inakuwa nafuu, kilo 54 badala ya 90.

Pima kusinyaa kabla ya rola. Kata ukanda wa sentimita 20 wa kitambaa ambacho hakijabanwa, utumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja, pima tena. Ukipoteza chini ya sentimita 1, nenda kwenye rola. Ukipoteza 3 au 4, usiharibu muda na rola, rudi kwenye hewa.

Hewa ya kupoza ina shida yake hapa kwetu. Nyuzi zenye PBAT zinataka hewa ya 15 hadi 20 °C, na ya nje Februari inafika 32. Ukiweka chila (mashine ya kupoza), kumbuka kiwango cha umande kiko 24 hadi 26. Bomba lolote lenye ubaridi chini ya hapo linatoka jasho, na tone moja la maji likianguka kwenye pazia la nyuzi linakata nyuzi nyingi kwa pamoja. Funga mabomba kwa sponji, weka mfereji wa kutolea maji baada ya koili, na elekeza viungo vya bomba pembeni visiwe juu ya sahani.

Rola: na PBAT 15 hadi 20 anza 115 °C, panda kwa 5. PLA tupu inataka 130 hadi 145, lakini PBAT inayeyuka karibu 115 hadi 120 na itanata kwenye chuma kabla PLA haijashikana. Rola yenye mipako ya tefloni inakusaidia hapo. Muhuri wa nukta zinazogusa asilimia 15 hadi 20 ya eneo unatosha. Kagua hivi: sugua kitambaa kwa kidole gumba mara kumi. Kikitoa manyoya, joto ni dogo. Kikilia kama karatasi na nukta ziking'aa na kutoboka, limezidi. Kati ya hapo utapata nafasi ya nyuzijoto kama 8, siyo 20 kama ya PP, kwa hiyo hakikisha pande zote mbili za rola zina joto moja. Tofauti ya 5 kati ya kushoto na kulia ni vitambaa viwili tofauti.

Na kama hewa ya mtambo haitafika mita 3,000 kabisa, achana na rola ya moto, tumia mashine ya sindano, inayochoma kitambaa ili nyuzi zishikane. Kiriba hakihitaji urembo, kinahitaji kushika udongo.

---

bi_mboji

Shikamoo Mzee wa Rola, na hongereni nyote. Naomba niulizie mwisho wa safari ya hiki kiriba, kwa sababu mkulima atauziwa neno "kinaoza".

PLA inaoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani, karibu 58 °C, yenye unyevu na hewa. Vipimo vya EN 13432 na ASTM D6400 vimejengwa juu ya hali hiyo: ndani ya wiki 12 mabaki yanayobaki juu ya chekecheo la milimita 2 yasizidi asilimia 10, na kaboni iwe imegeuka gesi kwa kiwango kinachotakiwa, asilimia 90, ndani ya miezi 6. Udongo wa shamba la Kisarawe au Bagamoyo hauna 58 °C. PLA humo inakaa muda mrefu, na baharini zaidi. PBAT na PBS udongo unazishughulikia vizuri kuliko PLA, ila kwa miezi mingi. Kwa hiyo kitambaa chenye PLA 85 kikipandwa na mche, mzizi utakipenya na mti utakua, lakini kitambaa kitakuwepo. Hicho si kibaya kwa mche, ila kiandikwe kwa ukweli: mizizi inapita, huna haja ya kukichana, kinahitaji mboji ya moto ili kioze haraka. Kwa madai ya kuoza kwenye udongo kipimo ni ISO 17556, kinachofanywa kwa joto la udongo wa kawaida, na EN 17033 ya filamu za kutandaza shambani inatoa miezi 24.

Kama lengo hasa ni udongo, geuza uwiano: PBS iwe mwenyeji na PLA iwe asilimia 20 hadi 30. Utapoteza ukakamavu, na sahani ishuke hadi 200 °C hivi, rola 90 hadi 100. Lakini ndicho kitambaa kinacholingana na neno mnalouza.

Rangi nayo ni mtego. Viriba vinakaa juani kitaluni miezi mitatu hadi sita na watu hutaka vyeusi. Masterbachi nyeusi nyingi zinazouzwa mjini zimebebwa na PE. Uliza muuzaji kibebeo ni nini kabla ya kulipa. Ukiweka asilimia 3 ya masterbachi hiyo, umeingiza plastiki isiyooza ndani ya bidhaa inayooza, na nyuzi zitakatika kama Fundi alivyosema. Agiza yenye kibebeo cha PLA au PBS, ukaushe nayo. Kaboni nyeusi ya asilimia 1 inalinda vizuri, na PBAT inahitaji ulinzi huo kwa sababu jua linaifanya iwe ngumu na kuvunjika.

Kalisiamu kaboneti ya bei rahisi msiiweke. Chembe ya mikromita 5 ndani ya uzi wa mikromita 12 ni jiwe barabarani.

Mkija kutaka kutumia kitambaa hikihiki kwa mifuko ya kubebea bidhaa, kumbukeni hapa Tanzania tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mifuko mbadala ya kitambaa kisichofumwa inatakiwa isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Ongeeni na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kabla ya kutengeneza, si baada.

---

kiriba_dsm

Nimeelewa, dada bi_mboji, na shikamoo mzee. Tutajaribu PLA na PBS 85/15 kwanza kwa ajili ya kupata nyuzi, kisha tugeuze uwiano. Swali la mwisho: umeme ukikatika katikati ya kazi tufanyeje? Kwa PP tulikuwa tunasubiri tu.

---

Fundi_Skrubu

Kwa PLA usisubiri. Kwenye PP plastiki inakaa humo salama, PLA inaendelea kukatika kadiri silinda inavyobaki na joto.

Umeme ukikatika, funga mlango wa hopa ili zisishuke punje zaidi, na acha hewa kavu ndani ya hopa imefungwa. Ukirudi kabla silinda haijashuka chini ya 180 °C, washa skrubu polepole na utoe nje plastiki yote iliyokuwemo, usiipeleke kwenye mkanda, mpaka kinachotoka kiwe na rangi na mnato wa kawaida. Ukirudi baada ya muda mrefu, kanda zote zifike joto lake, usubiri dakika 30 zaidi ili chuma cha pampu na sahani kipate joto hadi ndani, ndipo uguse mota. Pampu ya gia ikizungushwa na plastiki iliyoganda inavunja shafti.

Ukiwa na jenereta ndogo, usihangaike kuipa hita. Ipe mota ya skrubu na pampu peke yake. Joto lililomo kwenye chuma linatosha kukupa dakika kadhaa za kutoa PLA yote na kuingiza PP ya MFR ndogo ifuate nyuma yake. Ukizima na PP ndani, unaweza kukaa hata wiki. Ukizima na PLA ndani, asubuhi utafungua sahani kwa patasi, na matundu 600 ya milimita 0.4 hayazibuliwi kwa sindano: choma sahani kwenye tanuru la vakyumu au utumie kiyeyushi kinachofaa poliesta, kisha ukague kila tundu kwa darubini kabla ya kurudisha.

Na zima kwa mpango huohuo kila jioni, hata umeme ukiwepo.